Nguzo ya jiwe huangukia kitakoni

SWALI: Nimeona picha mbili za nguzo za mawe ziitwazo Twelve Apostles, pwani ya Victoria, Australia. Katika ya kwanza nguzo moja imesimama wima. Katika ya pili pamebaki kifusi. Jiwe lililodumu enzi na enzi linaangukaje mara moja? Na kwa nini lisitiwe saruji mapema?

JIBU: Hiyo ilianguka tarehe 3 Julai 2005, ikiwa na urefu wa karibu mita 50. Iliporomoka kwa sekunde chache, lakini ilikuwa ikiliwa kwa karne nyingi.

Mwamba ule ni wa chokaa. Maji ya mvua yaliyochanganyika na hewa ya ukaa huwa asidi hafifu, nayo huyeyusha chokaa, hasa kwenye nyufa ambamo maji hukawia. Manyunyu ya bahari hupenya vitundu vya jiwe. Yakikauka, chembe za chumvi hukua humo ndani na kulisukuma jiwe hadi linamung'unyika kama biskuti iliyolowa.

Wanafunzi wangu hutazama kilele. Mimi huwaambia watazame kitako, maana ndipo mawimbi yanapokwangua. Jiwe hustahimili sana kubanwa, ila likivutwa ni dhaifu mno. Kitako kikiliwa upande mmoja, uzito wa juu hukosa tegemeo, nguzo ikaelemea huko, na mgongo wake ukaanza kuvutwa. Ufa wa zamani ulioko mgongoni hufunguka, ukazidi kuingia ndani. Ikifika hapo, hata siku shwari yatosha.

Kuhusu saruji: huko New Hampshire, Marekani, palikuwa na jabali la itale lenye sura ya mzee, Old Man of the Mountain. Adui wake alikuwa barafu, kwani maji yakiganda ufani hutanuka kwa takriban asilimia 9. Watu walilifunga kwa minyororo, vyuma na saruji kwa miongo kadhaa. Liliporomoka tarehe 3 Mei 2003. Baharini ingekuwa kazi bure zaidi, na sura yake mbaya juu ya hayo.

Ukienda Victoria, usivuke uzio ili upate picha nzuri. Jirani na nguzo hizo, tarehe 15 Januari 1990, sehemu ya upinde wa mawe ulioitwa London Bridge ilikatika, watalii wawili wakabaki upande wa baharini hadi helikopta ilipowachukua. Na genge utakalosimama juu yake ni la chokaa ileile.