Brashi 400, na tanga bado limebandikwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa picha za kitabu cha hadithi ya watoto, kurasa 24 za A4, kuhusu babu mvuvi na mjukuu wake hapa Pangani. Nachora kwa programu ya Krita kwenye laptopu ya zamani, na nina tableti ndogo ya kuchorea. Mhariri anataka picha zionekane kama zimechorwa kwa rangi za maji. Nimeshanunua pakiti tatu za brashi za kompyuta kwa jamaa mmoja wa Telegram, na ya mwisho ina brashi 400, lakini picha zinatoka nzito kama plastiki, na tanga jeupe la ngalawa linaonekana kama limebandikwa. Nimeambatanisha ukurasa mmoja. Ninunue brashi zipi tena, au nihamie kwenye programu ya kulipia?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue brashi nyingine hata moja, na huyo jamaa wa Telegram mtoe kwenye simu yako leo hii.

Swali lako silipati kwa mara ya kwanza. Huja karibu kila wiki, kinachobadilika ni idadi ya brashi tu. Pakiti za namna hiyo nimezifungua kadhaa, na kila mara nilikuta vitu vile vile: brashi zinazogawiwa bure na wenyewe, zimepewa majina mapya, nyingine zikitofautiana kwa ukubwa tu. Lakini hata zingekuwa halali na nzuri, zisingekusaidia. Nimeukuza ukurasa wako mpaka nikahesabu pikseli, na brashi zako hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi: umechora kwa akili ya enameli ukitarajia matokeo ya maji.

Wala si wewe peke yako. Wengi wetu tulijifunza rangi kwa kutazama mabango ya maduka, michoro ya nyuma ya daladala, na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya enameli juu ya hadibodi, na enameli hufunika. Unapaka mandhari yote, unamweka chui juu yake, unamaliza na vidoa vyeupe vinavyong'aa. Kila kinachokuja baadaye kinakizika kilichotangulia. Ni ufundi mkubwa, nauheshimu, lakini rangi ya maji inakwenda kinyume chake kabisa. Rangi ya maji haifuniki kitu. Nuru inapenya kwenye rangi, inagonga karatasi, inarudi machoni ikiwa imetiwa rangi njiani. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe. Wewe umepaka anga na bahari ukurasa mzima, kisha ukachukua nyeupe ukalipaka tanga juu. Ndiyo maana limebandikwa: kweli limebandikwa! Ungelipaka kwa brashi ya laki moja lingebaki hivyo hivyo.

Kwa hiyo lifute hilo tanga, na anga lililo chini yake, uanze upya. Fanya uteuzi kwa umbo la tanga, yaani lizungushie mpaka ambao rangi haiuvuki, ugeuze uteuzi ili eneo la nje ndilo lipakwe, halafu upake anga na bahari kulizunguka. Tanga libaki karatasi tupu. Likishakuwa tupu, lipe kivuli kimoja cha kijivu kinachoelekea bluu upande mmoja tu, nusu nyingine usiiguse. Wachoraji wa karatasi halisi huziba sehemu kama hizo kwa majimaji ya mpira yanayobanduliwa baadaye, na uteuzi wako unafanya kazi hiyo hiyo bila kubandua. Ila usifikiri unaweza kupaka kwanza halafu ukatoboe tanga kwa kifutio. Kifutio huacha ukingo uliokatwa kama kwa mkasi, na rangi ya jirani haitaonyesha dalili yoyote ya kuzunguka kitu.

Sasa suala la pili, ambalo wauza brashi hawaligusi kabisa kwa sababu haliuziki: namna programu inavyochanganya rangi. Tabaka lako, au leya kama wengi wanavyosema, yaani karatasi angavu ya ndani ya programu inayolala juu ya nyingine, liko kwenye hali ya kawaida, na hapo programu inafunika au inatafuta wastani. Kompyuta huandika kila rangi kwa nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Chukua njano yenye nyekundu 255, kijani 230 na bluu 80. Juu yake weka bluu ya bahari yenye nyekundu 90, kijani 170 na bluu 220, ikiwa imepunguzwa hadi nusu. Wastani unakupa 172, 200, 150, yaani kijani kilichopauka kama kuta za zahanati. Badili tabaka la juu liwe maltiplai, nguvu yake kamili, na hesabu inakuwa ya kuzidisha kisha kugawa kwa 255: unapata 90, 153, 69. Hicho ni kijani cha jani la mgomba. Maltiplai hutia giza tu, haitii mwanga hata kidogo, na juu ya nyeupe haibadilishi rangi uliyopaka. Tabia hizo mbili ndizo za rangi ya maji. Si fizikia kamili ya rangi halisi, lakini kwa kitabu cha watoto inatosha na kuzidi.

Ukishaielewa hiyo, mpangilio unajipanga wenyewe. Anza na rangi nyepesi kabisa, iliyo pana kabisa, kwenye tabaka lake. Ya kati ifuate kwenye tabaka jingine. Nzito, zile za chini ya ngalawa, mikunjo ya shati la babu na kope za macho, zije mwisho na ziwe chache. Matabaka matatu, ukizidi sana manne. Kwenye ukurasa wako nimehesabu rangi ikirudiwa mara saba kwenye maji ya bahari, na mtu anayetumia karatasi halisi angekuwa ameshaitoboa. Kila eneo lipake kwa mkupuo mmoja bila kunyanyua kalamu. Kwenye mipangilio ya brashi ya Krita chagua hali ambayo rangi hailimbikizani ndani ya mkupuo huo huo. Na nyeusi iondoe kabisa kwenye paleti. Kivuli kichanganye kwa bluu nzito na kahawia nyekundu. Wachoraji wa rangi za maji wamekuwa wakipata kijivu chao kwa njia hiyo tangu zamani, na kijivu hicho kina uhai ambao nyeusi haina.

Halafu kingo. Ukidondosha tone la kahawa kwenye kanzu nyeupe ukaliacha likauke, doa linalobaki lina duara la giza pembeni na weupe katikati. Maji hukauka haraka zaidi kwenye ukingo, kwa hiyo maji ya katikati hukimbilia huko kuziba pengo na kubeba chembe za rangi yakienda nazo. Rangi ya maji hufanya vivyo hivyo kwenye karatasi, na hiyo ndiyo alama ambayo jicho la msomaji huitambua hata kama hajui jina lake. Kuipata huhitaji brashi maalumu. Paka umbo lako, chagua umbo lote, punguza uteuzi kwa pikseli 6 hadi 10, ulainishe kwa kiasi hicho hicho, kisha pitisha kifutio laini cha nguvu ya asilimia 15 au 20 katikati. Ukingo unabaki umekolea. Usifanye kote! Maji huteremka, kwa hiyo ukolezi ujikusanye upande wa chini wa umbo, na juu uuache ufifie. Sehemu nyingine zisiwe na ukingo kabisa, kama pale bahari inapoyeyukia kwenye anga kwa mbali. Ukurasa wenye kingo za aina moja kila mahali unanukia mashine.

Umbile la karatasi nalipitia haraka. Nunua karatasi moja nene ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uiskani kwa nukta 600 kwa inchi, uiweke juu ya yote kwa maltiplai iliyopunguzwa. Imekwisha. Itakugharimu chini ya hizo pakiti tatu.

Programu ya kulipia? Hapana, si sasa. Krita yako ni ya bure, ina brashi zake za rangi za maji, na ina kila kitu nilichotaja hapo juu. Zipo programu kama Rebelle zinazoiga maji yenyewe, yanatiririka na kukauka kwenye skrini, na ni raha kuzitumia, ila laptopu yako ya zamani itachemka kama jiko. Na hata hilo la kuiga maji halikuanza kwa kitufe. Mwaka 1997 Cassidy Curtis na wenzake, Marekani, walichapisha mbinu ya kuzalisha rangi za maji kwa kompyuta, na ilibidi waigawe karatasi katika ngazi tatu: maji yanayotembea juu, chembe za rangi zinazotua na kunyanyuka, na unyevu unaonyonywa ndani. Watu hao walikaa wakatazama maji yanafanya nini kwanza. Anayekuuzia brashi 400 hajawahi kulowesha karatasi.

Kuhusu uchapaji mambo mawili, kwa kuwa ukurasa ulionitumia una rangi ya maziwa chini yake yote. Mhariri akiuchapa hivyo kwenye karatasi nyeupe, mtambo utajaza ukurasa mzima vinukta vya njano ili kuiga hiyo rangi, na tanga lako halitakuwa jeupe tena. Tabaka la rangi ya karatasi lizime kabla ya kutuma, na umwulize anachapa kwenye karatasi gani. Pili, rangi nyepesi sana, zile za asilimia 3 au 4, hupotea kwenye mtambo wa ofseti, na bluu ya bahari inayong'aa kwenye skrini hufifia ikiingia kwenye wino nne za mtambo. Krita ina njia ya kukuonyesha mapema picha itakavyotoka kwa wino hizo. Itumie kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza, si wa 24.

Babu usimguse. Mkono wake wa kushoto umetoka vizuri kuliko vyote, karatasi inaonekana kwenye vifundo vya vidole, na sidhani hapo ulitumia brashi ya Telegram.

Sasa niseme na wengine wanaosoma hapa, hasa wahariri na walimu wanaoagiza picha. Brashi za kununua ni wizi mdogo. Wizi mkubwa ni filta. Mtu anachukua picha ya mtoto kutoka intaneti, anaipitisha kwenye aplikesheni ya simu, inatoka na mawimbi mawimbi, anaiuza kama mchoro wa rangi za maji kwa bei ya wiki nzima ya kazi. Niliwahi kuletewa picha 16 za namna hiyo niziandae kwa uchapaji wa A4. Kila moja ilikuwa na upana wa pikseli 1080. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni sentimeta 9 na kidogo, ukubwa wa kiganja, wakati ukurasa wa A4 wenye milimita 3 za kukata kila upande unahitaji pikseli 2551 kwa 3579. Mwenye kitabu alikuwa ameshalipa zote. Mpiga picha wa wale watoto hakuwa ameulizwa na mtu, na hilo si suala la urembo tena, ni la hakimiliki.

Kuzitambua si kazi ngumu. Filta haijui kipi kilikuwa kibichi na kipi kilikuwa kikavu, kwa hiyo inalowesha macho ya mtoto sawa na mawingu. Umbile la karatasi linakatika au linakuwa na ukubwa tofauti kati ya uso na mandhari. Nyeupe haipo popote, ila kijivu cha mwanga wa kamera. Na vivuli vyote vimeegemea upande mmoja kwa usahihi ambao mchoraji hana haja nao.

Zaidi ya hapo, kabla ya kulipa chochote, mwombe mchoraji faili lenye matabaka yake yote, si picha bapa. Mchoraji wa kweli atakupa bila kusita, likiwa na makosa yake, tabaka lililosahaulika jina, na mchoro wa penseli chini kabisa. Akikuambia faili limepotea, kompyuta imeibiwa, au wateja wengine huwa hawaombi vitu kama hivyo, malipo ya awali yabaki mfukoni mwako.