Kuhama bendi na sauti yako: mwimbaji, kamsome Ronnie James Dio

Mwimbaji akishakaa mjini kidogo swali la kwanza anaulizwa ni "siku hizi uko bendi gani", maana kila mtu anajua sisi tunahama. Mi nimeimba bendi za hotelini Dar na Zanzibar miaka mingi, dansi, kopi za Kizungu, rock pale wageni wakiitaka, na wadogo zangu wanaoanza kazi hii wananiuliza kila mara nihame au nibaki, na nikihama nifanyeje. Huwa nawaambia kabla hujanisikiliza mimi kamsome kwanza Ronnie James Dio, yule Mmarekani mwimbaji wa heavy metal, yaani rock nzito ya magitaa makali, kwa sababu amepita bendi kubwa kadhaa na kila alipoingia bendi ilibadilika, yeye akabaki yuleyule. Najua wengi wetu metal tunaisikia kama makelele, ila kwa mwimbaji ile ni shule kabisa, naomba mnivumilie.

Jina lake la kuzaliwa ni Ronald Padavona, kazaliwa 1942 Portsmouth, New Hampshire, akakulia Cortland, mji mdogo wa jimbo la New York, familia yenye asili ya Italia. Utotoni alikuwa anapiga tarumbeta na mwenyewe alisema kwamba pumzi yake ya kuimba ilitoka huko. Bendi ya kwanza alianza 1957 akiwa mwanafunzi, tena kwenye besi, kuimba kukaja baadaye. Kuanzia hapo hadi dunia imjue ilipita karibu miaka 18, bendi inabadilika jina, watu wanaingia wanatoka, 1968 wakapata ajali ya gari mpiga gitaa wao Nick Pantas akafariki, wakaomboleza wakaendelea. Mwisho ikaitwa Elf.

Sasa hapa pa kuzingatia. Roger Glover na Ian Paice wa Deep Purple, bendi kubwa ya rock ya Uingereza, waliisikia Elf wakaisimamia albamu yake ya kwanza, 1972, afu Elf ikawa inafungua shoo za Deep Purple. Yaani watu wamekuja kumuona mwingine, nusu hawajaingia, na jamaa anaimba kana kwamba uwanja ni wake. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa Purple, akawa anamsikia. 1975 Blackmore akaanzisha Rainbow akachukua karibu Elf nzima, na albamu ya kwanza ilipotoka akawaondoa wale wengine wote akabaki na Dio tu.

Mi mwenyewe kazi zote nzuri nilizowahi kuitiwa zilitoka kwa mwanamuziki mwenzangu aliyenisikia mahali, promota hajawahi kunitafuta hata siku moja kabla mpiga solo au mpiga drams fulani hajanitaja jina. So ukipangiwa saa moja jioni na viti vitupu, usiimbe nusu. Mafundi wa mitambo wapo, wapigaji wa bendi inayofuata wapo pembeni wanafunga nyaya, hao ndo wanaoulizwa kesho "unamjua mwimbaji?"

Kuhusu pumzi, maana swali la sauti linakuja sana. Ile tarumbeta ya Dio ilimfundisha kitu ambacho mi ilibidi nijifunze kwa mazoezi, kuvuta hewa ishuke chini tumbo na mbavu zifunguke, mabega yatulie, halafu kuitoa kidogokidogo badala ya kuimwaga yote kwenye neno la kwanza. Kila asubuhi natoa hewa kwa "sss" ndefu ya nguvu ileile mwanzo mwisho, bila haraka, kisha naimba mizani, zile noti za kupanda na kushuka, chini chini kabla sijagusa wimbo wowote. Sauti ya kukwaruza mnayoisikia kwenye metal ikitolewa kooni inakuumiza, tena haraka, ukisikia maumivu acha hapohapo. Na ukikaukiwa sauti wiki tatu hairudi usiendelee na tangawizi na asali, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie.

Turudi kwenye kuhama. Dio aliondoka Rainbow 1979. Blackmore alitaka nyimbo laini zitakazopigwa redioni, za mapenzi, Dio yeye alikuwa anaandika ngome, wachawi, wafalme, nyota, ndo dunia yake ile. Wakaachana. Mwaka huohuo akaingia Black Sabbath, mahali pagumu kuliko pote, maana mwimbaji wao wa mwanzo Ozzy Osbourne alikuwa ametoka tu na mashabiki walikuwa wanamtaka Ozzy wao, kwenye shoo wengine wanamlilia Ozzy huku Dio anaimba. Hii hali naijua vizuri sana, unaingia bendi, unashika maiki, mtu meza ya mbele anauliza kwa sauti yule wa zamani yuko wapi. Inauma jamani, na unatamani uige sauti ya aliyetoka ili watu watulie.

Dio hakuiga. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, ameeleza kwamba Ozzy alikuwa anaimba akifuata gitaa, gitaa likipanda naye anapanda, ila Dio alikuwa anaimba kwa kulikatiza gitaa, melodi yake inakwenda njia yake juu ya ile rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, na hiyo ikawafungulia namna nyingine kabisa ya kutunga. Maneno pia, zamani sehemu kubwa alikuwa anaandika Geezer Butler wa besi, Dio alipofika akayaandika yeye. Sikilizeni albamu ya 1980, Heaven and Hell, ni gitaa lilelile la Iommi lakini bendi ni nyingine. Hata ile alama ya pembe, kidole cha shahada na cha mwisho vimesimama, ameifanya yeye ijulikane kwenye metal, Ozzy alikuwa na ile ya amani na Dio hakutaka kuichukua, akatumia ya bibi yake Mwitaliano aliyekuwa akiinyoosha kukinga jicho la husuda. Bibi zetu wa pwani wangemwelewa bila kuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu ukiingia bendi yenye jina la mtu mwingine, nyimbo za zamani ziimbe kwa heshima, melodi usiiharibu maana watu wamelipa kuisikia, lakini omba mapema, kwenye mazoezi ya mwanzoni kabisa, mtunge angalau kitu kipya pamoja. Dio na Iommi walitunga pamoja kabla hata mambo ya bendi hayajakaa sawa. Ule wimbo mpya ndo utakaokupa haki ya kusimama pale, hautalinganishwa na mtu. Mi bendi ambazo sikuwahi kutunga nazo chochote nilipotoka hakuna aliyegundua kama nimetoka.

1982 wakagombana Sabbath juu ya kumiksi albamu ya laivu, akatoka, na hakutoka peke yake, Vinny Appice wa drams akaenda naye. Wakaanzisha bendi iitwayo Dio, kwenye besi akamrudisha Jimmy Bain aliyepiga naye Rainbow, gitaa wakampata kijana wa Ireland Kaskazini, Vivian Campbell. Mei 1983 ikatoka Holy Diver. Hesabu mwenyewe umri, alikuwa na miaka 40. Nalirudia hili kwa sababu napokea meseji za vijana wa miaka 26 wanaosema wamechelewa, wanataka kuacha, jamani.

Lakini hapohapo kuna funzo la hela, na hili nalisema kwa mtu ninayempenda. Campbell alitoka ile bendi 1986 na amesema hadharani kwamba walikuwa wanalipwa kama waajiriwa na mgao walioahidiwa haukuja, kambi ya Dio nayo ina maelezo yake na uchungu ulidumu miaka. Mi sihukumu. Ninachosema, ukipiga na rafiki yako andikeni. Nani mmiliki wa jina la bendi, nani ameandika maneno na nani melodi, mgao wa shoo ukoje, mtu akitoka nyimbo zinabaki kwa nani. Karatasi moja, sahihi, kila mtu na kopi yake, na nyimbo mkazisajili kwenye hakimiliki kabla hazijatoka. Maneno ya "sisi ni ndugu bana" nimeyasikia kwenye bendi nyingi na ndizo zilizovunjika kwa matusi.

Bado kuna mlango wa kurudia. Alirudi Sabbath mwanzoni mwa miaka ya 90, akaondoka tena 1992 alipokataa kuimba kwenye shoo za kumfungulia Ozzy kule Costa Mesa, California, Rob Halford wa Judas Priest akaja kushika maiki. Wengi walidhani imeisha. 2006 wakarudiana Iommi, Butler, Appice na yeye, wakajiita Heaven & Hell, wakazunguka dunia na 2009 wakatoa albamu. Iliwezekana kwa sababu ugomvi wao ulikuwa wa kazi na misimamo, mtu alikuwa anaheshimu anachopiga mwenzake. Nami nilipotoka bendi fulani kwa hasira nilimaliza mwezi nikiimba ratiba yote, nikamfundisha nyimbo mwimbaji aliyekuja nafasi yangu, na miaka mingi baadaye ndo haohao walionipigia simu.

Na kuna hili la Afrika ambalo wengi hawajui, 1985 Dio, Bain na Campbell walikusanya wanamuziki karibu 40 wa metal wakarekodi wimbo wa kuchangia walioathirika na njaa barani kwetu, mradi uliitwa Hear 'n Aid.

Novemba 2009 aligundulika ana saratani ya tumbo, akafariki Houston 16 Mei 2010, ana miaka 67. Mkewe Wendy, aliyekuwa pia meneja wake, amesema Ronnie alikuwa na matatizo ya tumbo muda mrefu akiyachukulia kawaida, na sasa mfuko wa saratani alioanzisha kwa jina lake unahimiza watu wapime mapema. Wanamuziki wa usiku tunakula saa nane za usiku, tunalala na tumbo limejaa, likiuma tunanunua dawa za vidonda vya tumbo dukani tunaendelea na shoo. Mkiwa na maumivu yasiyoisha, mnapungua uzito, chakula hakishuki, nendeni hospitali mkaombe kipimo cha kuangaliwa ndani kwa kamera. Mi nimeshakwenda, nikamburuta na mpiga kinanda wetu, majibu yake yakaonyesha wale bakteria wa vidonda, akapewa dozi akamaliza.

Anayetaka kuanza kusikiliza, achukue Rainbow ya 1976, Rising, avae hedifoni na asikilize pale Dio anapovuta pumzi.