Kabla hujanunua kitabu cha biashara cha kusomea kwenye simu

Kwenye kikoba chetu hapa Majengo, Moshi, tuko wachache tunaosoma vitabu vya biashara na kupeana habari zake. Mmoja anashikilia kwamba bila karatasi mkononi hajasoma. Mwingine humaliza kitabu kizima kwenye simu, ndani ya daladala ya Kibosho asubuhi na jioni. Mimi nasema angalia kwanza kitabu kina nini ndani. Nililijua hili kwa hasara.

Nauza viatu vya mtumba Soko la Memorial. Mwaka juzi nilinunua kitabu cha kupanga bei, cha aina ya EPUB. EPUB hupanga maneno upya kufuata ukubwa wa kioo na wa herufi ulizochagua, na ndiyo maana macho hayachoki. Lakini kilikuwa na jedwali la safu nne: gharama, asilimia ya kuongeza (hupimwa kwa gharama), bei ya kuuzia, asilimia ya faida (hupimwa kwa bei ya kuuzia). Kwenye simu yangu lilivunjika. Namba zikashuka moja chini ya nyingine, vichwa vya safu vikabaki juu huko. Nikaichukua asilimia ya faida nikidhani ndiyo ya kuongeza.

Nilitaka katika kila mauzo ibaki faida ya asilimia 30. Kiatu kilichonigharimu 20,000 nikakiongezea asilimia 30, nikauza 26,000. Faida 6,000, ambayo ukiipima kwa 26,000 ni asilimia 23 tu. Faida ikiwa asilimia 30 ya bei, gharama ni asilimia 70 yake, hivyo nilipaswa kugawa 20,000 kwa 0.7, nipate kama 28,600. Kila jozi ikaondoka na 2,600 yangu. Robota zima liliisha hivyo, na nilipotoa kodi ya kizimba na ada ya mtoto, fedha ya robota jingine haikutimia.

Kwa hiyo kitabu cha masimulizi, cha mtu kueleza alivyoanza biashara, nunua EPUB bila wasiwasi. Chenye hesabu tafuta PDF au karatasi. Kwenye PDF ukurasa haubadiliki, jedwali linakaa kama lilivyopangwa. Ubaya wake ni herufi ndogo, utavuta kwa vidole mpaka uchoke, basi nenda steshenari wakuchapie kurasa za majedwali peke yake. Duka likikupa sehemu ya kusoma bure, kuza herufi, tafuta jedwali, uone linavyokaa. Zile PDF za kurushiana WhatsApp nimeziacha: nyingi ni picha za kurasa, huwezi kutafuta neno, na mwandishi hapati hata shilingi.

Jambo jingine, vitabu vingi ni vya Marekani. Ukikuta 401(k), hiyo ni akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara wa mwajiriwa wa huko. Zamani nilikuwa naruka kurasa hizo. Siku moja nikajiuliza, mimi nisiye na mwajiri, ya kwangu iko wapi? NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea waliojiajiri, na UTT AMIS, kampuni ya serikali, wana mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Sasa naandika pembeni kila penye neno la kigeni: huku kwetu ni nini.

Lile jedwali nilikuja kulichapa, ukurasa mmoja. Limebandikwa ndani ya jalada la daftari langu la mauzo, na wiki iliyopita jirani yangu wa kizimba alikuja kulipiga picha.