Maswali na majibu: Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta

Maswali ya safari hii yametoka kwa wakutubi, watunza nyaraka na watafiti wa Dar es Salaam wanaojifunza kuhamishia vitabu, magazeti na miswada kwenye kompyuta.

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mkutubi wa sekondari huku Temeke. Tumepata fedha kidogo, na mkuu wa shule anataka tununue skana kwanza, mafunzo yafuate baadaye. Unatushaurije?

Marahaba. Mwombe mkuu wa shule ageuze mpango: mtu afundishwe kwanza, na ikiwezekana wawe wawili. Nimeona skana za bei mbaya zimefunikwa kitambaa kwenye pembe za maktaba kwa sababu aliyejua kuzitumia alihamishwa na hakuacha mrithi. Tena aliyefundishwa ndiye atakayewaambia kwamba skana ya kioo haifai kwa vitabu vikuukuu vilivyoshonwa. Ukikilaza kitabu kifudifudi na kukigandamiza, unavunja mgongo. Kamera ya kawaida iliyofungwa kwenye stendi ikitazama chini, taa mbili zinazomulika kutoka kulia na kushoto kwa nyuzi 45, na kitegemeo cha mbao chenye umbo la V ambacho seremala wa Keko atakichonga kwa vipimo vyenu, vinatosha kuanzia. Flashi izimwe. Picha ya kwanza ya kila kitabu iwe na rula na kadi ya rangi, ili msomaji wa baadaye ajue ukubwa wa karatasi na rangi yake halisi.

Ninasoma uzamili Mlimani. Nimepiga picha kurasa nyingi za magazeti ya zamani, lakini nikitafuta neno kwenye kompyuta silipati. Tatizo ni nini?

Picha ya ukurasa ni picha tu. Kompyuta haioni maneno ndani yake mpaka programu iyasome na kuyageuza kuwa maandishi. Programu ya bure iitwayo Tesseract inakijua Kiswahili, kwa hiyo anzia hapo. Magazeti yana safu, na programu ikiachwa hivihivi huweza kusoma mstari mmoja kuvuka safu zote, habari ya pamba ikachanganyika na tangazo la kifo. Ionyeshe programu mipaka ya kila safu kwanza.

Kazi kubwa inakuja baadaye. Programu ikipata herufi 99 katika kila 100, ukurasa wa herufi 2,000 bado una makosa 20. Na Kiswahili chetu kimebeba mambo mengi katika herufi moja. Wino ukiwa umefifia, herufi m husomwa kama ni: "alimpa shamba" inakuwa "alinipa shamba". Kirekebisha tahajia hakitashtuka, maana maneno yote mawili ni sahihi. Lakini mwenye shamba amebadilika, na mwanahistoria atakayenukuu maandishi yako bila kutazama picha atapotosha ushahidi. Ndiyo maana ninasisitiza kila mafunzo yatenge muda mwingi zaidi wa kusahihisha kuliko wa kuskani. Kaeni wawili, mmoja asome asili kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye skrini. Tahajia ya zamani msiiguse. Picha na maandishi vikae pamoja daima, msomaji aweze kuhakiki mwenyewe.

Babu yetu aliacha mswada wa utenzi kwa hati za Kiarabu. Ninaishi Magomeni. Niuingizeje kwenye kompyuta?

Upige picha kwanza, kila ukurasa, hata mtupu, hata jalada. Kisha uchape kwa herufi zilezile za Kiarabu ukitumia Unikodi, yaani mfumo wa herufi unaoeleweka na kompyuta zote, na pembeni uandike kwa herufi za Kirumi. Usiishie kwenye hizi za Kirumi peke yake, kwa sababu kuzipata ni kufanya uamuzi: alama za irabu katika hati hiyo kwa kawaida ni tatu tu, na ni msomaji anayeamua kama hapa ni i au e, u au o. Andika uliamua nini na kwa nini. Wataalamu wa matini wana kanuni za kuweka alama ziitwazo TEI, zilizoanza 1987, zinazokuwezesha kuonyesha beti, mishororo, neno lisilosomeka na maandishi ya pambizoni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili, na TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, wapo palepale chuoni. Nenda. Na mtafute mzee anayeisoma hati hiyo ukae naye mapema.

Kompyuta ya ofisi imejaa picha za majalada. Bosi anasema tupunguze ukubwa wa faili zote. Tukubali?

Zipunguzeni nakala za kusomea, asili ziacheni. Ukurasa wa A4 wa rangi, nukta 300 kwa inchi, katika TIFF isiyobanwa, yaani faili ya picha isiyopunguzwa chochote, ni kama megabaiti 26. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 26, na eksteno (diski ya nje) ya kawaida inabeba nyingi kuliko hizo. Wasomaji wapewe JPEG, yaani picha zilizobanwa ziwe ndogo. Asili ziwe na nakala tatu, moja ikae jengo jingine, kwa sababu eksteno mbili kwenye droo moja zitaloa pamoja. Majina nayo: "IMG_4471" halisemi kitu. Tumieni namba ya jalada na ya ukurasa, mkianza na sufuri, 0001, la sivyo baadhi ya programu zitapanga 1, 10, 100, ndipo 2.

Nimenunua kitabu cha zamani pale Posta. Naruhusiwa kukiweka chote kwenye intaneti?

Kununua nakala hakukupi haki hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kama muda haujaisha, waandikie warithi au mchapishaji, ueleze unataka kuweka nini na wapi, na jibu lao ulihifadhi pamoja na faili.