Wema peke yake unatosha?

Barua nne za wiki hii zinagusa jambo moja: kuwa mtu mwema na kuwa na maisha yenye maana.

Nimekuwa mtunza stoo miaka 11, sijaiba hata msumari. Wenzangu wamejenga, mimi bado nimepanga. Uaminifu umenisaidia nini?

Ndugu yangu, haujakujengea nyumba, na sitakudanganya kwamba utakujengea. Lakini katika barua yako nzima hukutaja kitu hata kimoja unachokipenda. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Akikuta noti mfukoni mwa suruali ya mteja, aliikunja akaibana kwa pini kiunoni, suruali ikarudi na pesa yake. Ila kilichomkesha usiku kilikuwa kola: aliishona, akaifumua, akaishona tena mpaka ikae. Noti ilimwacha alale kwa amani, kola ndiyo iliyomwamsha asubuhi. Wewe kola yako ni ipi?

Mchoraji Paul Gauguin alimwacha mke na watoto watano, akaenda kisiwa cha Tahiti, Bahari ya Pasifiki, mwaka 1891, na leo dunia nzima inamjua. Basi maadili yanahusiana nini na maisha yenye maana?

Swali zito. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alitumia mfano wa mchoraji kama huyo mwaka 1976, akiuliza kama kufaulu kunaweza kuhalalisha uamuzi wa namna hiyo. Picha zile ni nzuri, sikatai, na maisha yale hayakuwa matupu. Lakini Mette, mkewe, alibaki Copenhagen, Denmark, akifundisha Kifaransa ili watoto wapate chakula. Na huko visiwani Gauguin alijitwalia wasichana wa miaka 13 na 14, akawaita wake zake. Anayepima picha bila kuwaweka wasichana hao kwenye mizani anapunja.

Asiye na dini anaweza kuishi maisha yenye maana?

Anaweza. Mimi ni muumini, na imani yangu hunishika mkono, lakini utu sijaukuta kwa waumini peke yao.

Nilipata nafasi ya chuo, mama akapooza. Huu mwaka wa sita namuuguza. Ndugu zangu wananisifu, usiku nalia. Nimepoteza maisha?

Hapana, mwanangu. Na kulia hakufuti wema wako. Ndugu zako wanakusifu kwa sababu kusifu ni rahisi kuliko kushika zamu. Mama ni wa wote. Itisha kikao, uende na daftari: nani atamgeuza usiku, nani atanunua nepi, nani atakaa naye Jumamosi. Ukipata hata siku mbili kwa wiki, ulizia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania; kina vituo mikoani na unaweza kusoma ukiwa nyumbani. Kumtunza mama ni maana kubwa, ila si haki ikumeze mzima, na naamini yeye mwenyewe hapendi hivyo.

Ukiniandikia tena, niambie ulitaka kusomea nini. Hukusema.