Unaanza kupiga dramu? Mchunguze Charlie Watts

Kijana akikalia dramu kwa mara ya kwanza hutaka mbwembwe: matoazi kila upande, vijiti vinarushwa hewani. Simlaumu. Lakini kama unataka kazi hii ikulishe miaka mingi, mchunguze Charlie Watts, aliyeipigia Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, tangu Januari 1963 hadi alipofariki London, Agosti 2021, akiwa na miaka 80.

Usisubiri seti kamili. Watts alianza kwa kung'oa shingo ya banjo, ala ya nyuzi yenye tumbo la duara, akaligeuza lile duara kuwa ngoma. Wazazi wake walimnunulia dramu mwaka 1955, naye akawa anafanya mazoezi kwa kufuatisha sahani za muziki wa jazi.

Usiache kibarua mapema pia. Alisomea sanaa Harrow, akawa mchoraji katika kampuni ya matangazo, jioni akipiga na Blues Incorporated, bendi ya Alexis Korner. Stones walimtaka kabla hawajaweza kumlipa, naye hakuwarukia. Ile fani ya kuchora haikupotea: ndiye aliyechora katuni za nyuma ya jalada la albamu ya Between the Buttons mwaka 1967, na baadaye akashiriki kubuni majukwaa ya ziara zao.

Sasa tuje kwenye mikono, maana hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Wapigaji wengi hugonga haihati, yale matoazi mawili ya mguu wa kushoto, mara zote nane. Watts alipofika mbili na nne aliunyanyua mkono wa kulia, snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ikalia peke yake. Mapigo mawili yamepungua, lakini snea inasikika nzito zaidi, na wimbo unayumba kidogo kama mtu anayetembea kwa maringo. Jaribu polepole, mwanzoni mkono utakataa, utataka kugonga tu. Seti yake yenyewe ilikuwa ndogo, ya kampuni ya Gretsch, ya mwaka 1957: besi (ngoma kubwa ya mguu), snea na tomu mbili, zile ngoma za kati. Ukishindwa kuchezesha watu na hizo nne, hata ukiongeza kumi bado utashindwa.

Sikiliza wenzako. Katika bendi nyingi gitaa humfuata mpiga dramu. Kwa Stones ilikuwa kinyume, Watts alilifuata gitaa la Keith Richards. Kuna wanaoona hilo ni unyonge. Mimi naona ni masikio.

Hata kukipisha kiti ni sehemu ya kazi. Mwaka 1968, wakirekodi "You Can't Always Get What You Want", mdundo aliokuwa akiutaka prodyuza Jimmy Miller haukumkaa Watts. Miller akauonyesha mwenyewe, na yeye ndiye anayesikika kwenye rekodi. Watts hakususa, akajifunza kuupiga vile vile jukwaani. Nimeona bendi zikivunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mwisho, jiandae kusubiri. Unaitwa kupima sauti saa nane mchana, onyesho ni saa nne usiku, na hapo katikati chupa zinazunguka. Watts alikuwa na kitabu cha michoro, akichora kitanda cha kila hoteli aliyolala ziarani. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1980, akiwa keshavuka 40, pombe na heroini vilimnasa. Aliachana navyo, akaendelea kupiga kwa zaidi ya miaka 30.