Rampu za kuonyeshea gari la zamani: pima gari kwanza, duka baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha ameniandikia: "Shikamoo mzee. Nimeona picha za Peugeot yako Nakuru, imeinuliwa nyuma na watu wamechuchumaa wanachungulia. Mimi nina Volkswagen Beetle aliyoiacha baba. Hizo rampu ulinunua wapi, na bei gani?"

Marahaba, mwanangu. Kwa wasiozijua, rampu ni vile vipando viwili vyenye mteremko ambavyo magurudumu hupanda ili upande mmoja wa gari uinuke. Swali lako nimelipokea kwa furaha, maana kwa muda mrefu nilidhani ni mimi peke yangu ninayekosa usingizi kwa ajili ya vitu hivi. Lakini duka na bei ni maswali ya mwisho. Kabla ya hapo yako matatu: gari lako lina uzito gani, linajivunia nini, na litasimama juu ya lami, saruji au nyasi? Ukiyajibu hayo, rampu karibu inajichagua yenyewe.

Ngoja nikueleze nilivyofika huko.

Gari langu ni Peugeot 404, saluni, rangi ya maziwa. Mtu yeyote aliyekulia Kenya au Tanzania miaka ile anaijua. Baba yangu mdogo aliendesha ile ndefu ya abiria saba kati ya Nairobi na Nakuru, na sisi watoto tulijua mlio wake kabla haijakata kona. Nilipolipata la kwangu lilikuwa limekaa chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Habari za kulitengeneza nitaziruka. Kila aliyewahi kufufua gari anajua pesa zinakwenda wapi. Itoshe kusema kwamba lilipokamilika nililipeleka kwenye onyesho langu la kwanza jijini nikiwa nimevaa suti.

Nilipangwa katikati ya magari madogo ya michezo ya Kiingereza, mekundu na ya kijani, spoki zikimetameta. Akapita bwana mmoja na mgeni wake, akalitazama langu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hii si teksi tu?" Wakaendelea mbele. Miaka imepita na sauti ile bado naisikia. Si kwamba alisema uongo. Teksi ilikuwa kweli. Kilichoniuma ni lile neno "tu".

Kwa sababu 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 na ile ya 1968 ndizo ambazo magari saba pekee yalifika mwisho, mengine yote yakabaki matopeni. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Gari hili lilistahimili tope la nchi hii kuliko mengi yaliyokuwa na sura nzuri na bei kubwa kulishinda, na siri ya ustahimilivu wake haiko kwenye bodi aliyoichora Pininfarina, mbunifu wa Italia. Iko chini. Shafti yake, inayopeleka nguvu ya injini nyuma, imefichwa ndani ya bomba nene, mchanga na mawe haviifikii. Difu yake, inayogawa nguvu hiyo kwa magurudumu ya nyuma, inatumia skrubu ndefu inayozungusha gurudumu la meno, si meno ya kawaida kwa meno. Nyuma kuna springi za koili, si zile za mabamba yaliyopangwa. Yule bwana hakuona hata kimoja, kwa sababu gari lilikuwa limekaa chini kama magari mengine yote.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya rampu kwenye onyesho. Wengi wanadhani ni ya kulifanya gari lionekane kubwa, au liwazidi majirani kimo. Rampu inainua sehemu ya gari inayostahili kusimuliwa. Ndiyo maana karibu kila mtu huinua mbele na mimi nainua nyuma.

Kwa Beetle yako ushauri ni uleule, tena una uzito zaidi: inua nyuma. Injini iko huko, na iko chini kiasi kwamba mtu mzima lazima ainame sana ndipo aione. Ukiipandisha sentimita 20, ukafungua kifuniko, kila apitaye ataiona bila kuvunja mgongo. Nawe unayo ya kusimulia, maana Volkswagen ilishinda Safari mwaka 1962 magari ya Peugeot yakiwa bado hayajaanza kushinda. Andika hilo kwenye kibao. Usiwaachie watu wakukumbukie.

Sasa vipimo. Peugeot yangu ina uzito wa takriban kilo 1,070, na karibu nusu yake iko nyuma. Kwa hiyo kila rampu inabeba kama kilo 250 gari likiwa limetulia. Beetle ni nyepesi, kiasi cha kilo 800, lakini injini ikiwa nyuma, sehemu kubwa ya uzito huo inakaa juu ya rampu zako. Mzigo kwa kila moja unakaribiana na wangu. Usinunue rampu inayotosha "kilo 250". Gari linapopanda linasukuma, linashtuka, unakanyaga breki, na mzigo unaongezeka ghafla. Mimi nataka kila rampu ibebe tani nzima bila kulalamika, na sitaki kusikia hoja nyingine.

Nasema hivyo kwa sababu nilishauziwa rampu zilizobandikwa karatasi ya "tani 2". Zilikuwa zimepakwa rangi nzuri, nene. Nilipofika nazo nyumbani nikakwangua rangi kwenye maungio kwa bisibisi. Hapakuwa na mstari wa kuchomelea. Kulikuwa na vidonda vidonda tu, kimoja hapa, kingine pale, halafu rangi ikafunika aibu. Nilizirudisha. Walinirudishia maneno, si pesa. Hadi leo nikipita mtaa ule naangalia upande wa pili. Kwa hiyo, kijana wangu, popote utakaponunua, nenda na bisibisi na tochi. Muuzaji akikataa ukwangue sehemu ndogo ya chini, ameshakujibu.

Zangu za sasa zimechomelewa na fundi wa jua kali Kariobangi, mtu mtaratibu, aliyenitaka nilete gari lenyewe kabla hajakata chuma. Hapo nilijua nimefika. Alilala chini akapima, akanionyesha jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: mkia. Sehemu inayotokeza nyuma ya magurudumu kwenye 404 inakaribia mita moja. Ukirudi nyuma kupanda rampu, bampa na bomba la ekzosi vinaitangulia tairi. Kama mteremko wa rampu ni mfupi, sentimita 60 kwa mfano, bampa inafika juu ya jukwaa, ile sehemu tambarare ya juu, tairi likiwa bado chini, na ile kingo ya kuzuia tairi mwishoni inaweza kulikamata bomba. Ukirefusha mteremko hadi mita 1.2 kwa kimo kilekile cha sentimita 20, gari linaanza kuinuka mapema na mkia unapita salama. Magari yenye pua ndefu yana taabu hiyohiyo upande wa mbele.

Mteremko mrefu una faida nyingine. Sentimita 20 juu ya 60 ni mwinuko wa digrii 18 hivi, na gari la zamani lenye klachi ya zamani linapanda kwa kunguruma, watu wakikimbia. Sentimita 20 juu ya mita 1.2 ni digrii tisa na kidogo. Linapanda taratibu, kwa heshima. Magari yetu yanastahili heshima.

Wengine wataniuliza kwa nini nisipandishe sentimita 30 au 40. Kwa urefu wa 404, yaani mita 2.65 kutoka ekseli hadi ekseli, sentimita 20 tayari zinaliinamisha gari digrii nne na kitu, na bampa ya mbele inashuka sentimita sita hivi. Jicho linauona mwinamo huo vizuri. Ukizidisha, gari linaonekana kama limetumbukia mtaroni.

Upana: tairi langu lina upana wa sentimita 16.5, rampu zina 30. Ukizibana sana utapanda kwa wasiwasi. Jukwaa lina sentimita 60, limebonyea kidogo katikati ili tairi likae. Na sehemu ya mteremko inachomoka. Hilo ndilo ninalojivunia zaidi: gari likishapanda unachomoa pini, unaondoa miteremko, kinachobaki ni vibao viwili vyeusi chini ya magurudumu. Mtu analiona gari, haoni rampu. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa. Nimeona watu wanapaka njano na nyekundu kama uwanja wa michezo wa watoto. Mgeni anapiga picha ya rampu!

Kama chuma kinakushinda bei, mbao zinafaa, mradi ziwe nzito, kavu, zisizo na nyufa. Mbao za unene wa sentimita 5, nne juu ya nyingine, kila ya juu fupi kuliko iliyo chini yake, zikafungwa kwa bolti za kupenya zote. Misumari peke yake hapana. Zile za plastiki za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha oili, nyingi ni nyembamba na fupi, na kwenye nyasi zinateleza. Ziko pia za povu gumu wanazotumia sana Marekani, nyepesi hata mtoto anabeba, nzuri kwa kweli. Lakini ni bonge kubwa, na nauli ya kulileta bonge huku ni habari ya huzuni.

Nyasi ndizo zinazowaumbua watu. Wengi wetu tunaota kulisimamisha gari siku moja pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, na maonyesho mengi ya mikoani nayo yako kwenye viwanja vya nyasi. Rampu yenye miguu ya bomba inazama mvua ikinyesha usiku, tena mmoja unazama zaidi ya mwingine, na gari linapinda. Zangu zina bamba pana chini, na bado natandika ubao wa plaiwudi. Kisha kuna kuteleza. Gari langu na lako yote yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukirudi nyuma, tairi linaivuta rampu kuelekea mbele, chini ya tumbo la gari. Dawa yake ni kipande cha mpira mnene kilichofungwa kwenye mdomo wa rampu, kikatandazwa mbele yake. Gurudumu linakanyaga mpira kwanza, uzito wa gari unaishikilia rampu, halafu linapanda. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likipanda rampu kwa pua, rampu hutupwa nyuma vilevile, na kwa nguvu.

Likishakaa juu: breki ya mkono, gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini. Zote, si mojawapo. Ondoa waya wa betri. Weka trei ya oili, ifunike kwa kitambaa cheusi. Weka kioo kipana chini, kikitazama difu, kwangu. Kwako kitazame injini. Zungushia kamba. Na nisikilize vizuri hapa: rampu ya maonyesho si ya kulalia chini yake. Ukitaka kuingia, weka stendi za jeki chini ya ekseli. Nimewafukuza vijana wakubwa chini ya gari langu mbele ya wazazi wao, na nitawafukuza tena.

Huko Nakuru walichuchumaa wengi. Mzee mmoja aliyekuwa utingo wa teksi za Molo alilala kabisa kwenye nyasi nje ya kamba, akaitazama ile difu kwenye kioo, akaanza kuwafundisha wajukuu wake. Nilikaa pembeni nikamwachia. Waamuzi walipofika walimkuta akiendelea. Tulipata kikombe cha daraja letu, na magari ya spoki yalikuwapo.

Nawaomba ninyi wenye magari ya aina hii, mliorithi pickup ya mzee, Datsun ya shangazi, Land Rover ya misheni: msiyauze kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu kwa sababu mtu fulani amewaambia ni ya kazi tu. Yasafisheni chini kama mnavyoyasafisha juu. Mkiyainua huku chini kumejaa tope na oili ya mwaka juzi, mmeinua aibu.

Jambo la mwisho ni kushuka, ambalo watu hulifanya jioni wakiwa wamechoka na kiza kinaingia. Rudisha miteremko, hakikisha pini zimeingia zote mbili, unganisha betri, washa injini ndipo uondoe kabari. Mtu mmoja asimame ubavuni mahali unapomwona, asisimame mbele hata kama ni ndugu yako. Achia breki ya mguu kidogo kidogo, usiguse mafuta. Halafu zioshe rampu usiku huohuo, hasa chini ya bamba, maana udongo wa uwanjani ukilala na unyevu unakula chuma, na maungio ndiyo huanza.